Mnyoo Mzima wa Naftali

Naftali Kipchumba alikuwa na heshima nyingi, ila aliigawa vibaya. Fungu kubwa aliwapa minyoo, lililobaki akajipa mwenyewe, na binadamu wengine wakaambulia patupu. Alifanya kazi Riyadh, katika maabara ya kliniki moja ya kozi, wale ndege wa kuwindia ambao matajiri wa huko huwatunza kuliko wanavyowatunza wajomba zao. Kliniki ilikuwa na viyoyozi, sakafu inayong'aa, na kigoda maalumu cha kila kozi kusubiria zamu yake. Naftali alipita katikati ya ndege hao akiwa na koti lake jeupe na kidevu juu, na mgeni asiyejua angeweza kudhani ndiye aliyewaumba.

Aliingia Saudia mwaka 2013, wakati ndege za kutoka Nairobi zilikuwa zinajaa wanawake wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Wakala alikuwa amewavalisha wote fulana za rangi ya chungwa ili wasipotee njiani, na kwa kuwa Naftali alipitia kwa wakala huyohuyo, alipewa fulana pia. Aliikataa. Akaketi safari nzima amekumbatia bahasha ya stashahada yake kifuani, mtu asije akamfananisha. Walipofika, ofisa wa uwanja wa ndege hakuiangalia bahasha. Alimwonyesha Naftali sakafu, naye akakaa chini pamoja na wale wanawake, wote wakingoja kafili, yaani mwajiri mdhamini, wa kila mmoja aje kumchukua. Wanawake walimpa maji na biskuti. Hakuwasamehe tangu siku hiyo. Alimsamehe yule ofisa, tena palepale.

Kwa hiyo hata Ijumaa, Wakenya walipokutana kwenye nyumba ya mmoja wao kula chapati na kusengenya waajiri, Naftali alikuwa na tangazo lake ambalo alilitoa kabla hajavua viatu: yeye si wa majumbani. Hakuna aliyemuuliza. Mfanyakazi wa ndani huko huitwa kadama, na Naftali alilitamka neno hilo haraka haraka, kama mtu anayetema mbegu. Asumpta, Mkamba aliyekaa mapokezi ya kliniki na kupanga zamu za kozi na za wenye kozi, alimwita Dokta. Alimwita hivyo kwa kejeli ya wazi kabisa, na Naftali akaipokea kejeli hiyo kama haki yake. Hakuwa daktari wa kitu chochote.

Lakini kazi aliijua, hilo tusimnyime. Mpe utumbo wa ndege, akuletee kila kilichomo ndani yake bila kukichana. Minyoo bapa ndio aliowapenda kuliko wote, wale wembamba kama jani la chai lililolowa, wengine wenye kola ya miiba shingoni, wengine wenye vinywa viwili, kimoja cha kulia na kingine cha kushikia. Aliwaua kwa maji ya moto ili wanyooke, maana ukiwatupa wakiwa hai kwenye dawa baridi hujikunja na huwezi tena kujua huyu ni nani. Aliwatia rangi nyekundu, akawapitisha kwenye mafuta ya karafuu hadi wakang'aa, kisha akawalaza kwenye kioo na kuwatazama kwa hadubini huku akitabasamu. Tabasamu hilo binadamu hawakulijua.

Shida ilianza na bata mwitu. Baba Nawaf, mmoja wa wateja wakubwa wa kliniki, alikuwa na nyumba ya kifahari mtaa wa Al-Malqa, na nje ya mji alikuwa na istiraha, yaani shamba la kupumzikia, lenye mitende, mahema na bwawa dogo ambalo watoto walilichezea. Kila majira ya baridi bata walikuja kutoka nchi za kaskazini wakatua kwenye bwawa hilo bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2015 baadhi yao walikutwa wamekufa kwenye matete, na Baba Nawaf akahofia kozi wake, ambao huwala bata kila wanapowapata. Akawaleta wale bata kliniki kwenye kisanduku cha barafu, kilekile cha kubebea soda za watoto, akamkabidhi Naftali.

Wakati huohuo kwenye nyumba ya Al-Malqa kulikuwa na jambo jingine. Mfanyakazi wao aliitwa Rosebellah, mwanamke wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini. Familia ilipokwenda shambani mwisho wa juma, yeye ndiye aliyesimama ndani ya bwawa akiwashika watoto mikono, kwa sababu madam, mke wa Baba Nawaf, aliogopa wasizame na hakutaka kulowesha abaya yake. Miguu ya Rosebellah ikaota vipele vyekundu vya kuwasha, kuanzia vidoleni mpaka magotini, na pale maji yalipofikia ndipo vipele vilipokomea, kama soksi. Baada ya siku chache watoto nao wakaanza kujikuna. Mtu mwenye macho angetazama ile alama ya magotini akaliuliza bwawa. Madam alimtazama Rosebellah akaiuliza Afrika. Alisema msichana amekuja na ugonjwa wa ngozi kutoka kwao na sasa amewapa watoto. Kikombe chake kikatengwa, sahani yake ikatengwa, na nguo zake zikafuliwa peke yake kwenye beseni la nje.

Baba Nawaf hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu asiyependa kelele. Akamwambia mkewe wasimfukuze msichana bure, kwa kuwa kliniki tayari ina bata wa bwawa hilo na mtaalamu anawachunguza. Akampigia Naftali, akamweleza hali yote, akauliza swali moja la mtu mwenye akili timamu: ni maji au ni msichana? Akasema jibu hilo likija kwa maandishi, na muhuri wa kliniki juu yake, madam ataridhika. Lisipokuja, Rosebellah atarudishwa kwao, na kwenye karatasi zake za kuondoka itaandikwa ugonjwa wa kuambukiza. Karatasi kama hiyo humfuata mtu mpaka mlangoni kwa mama yake. Hakuna wakala atakayempeleka popote tena.

Naftali alikwenda shambani na gari la kliniki. Akavaa mabuti ya mpira na glavu, akaokota konokono kwenye mawe ya bwawa, akarudi nao maabara. Aliwaweka kwenye glasi ya maji safi ya kunywa, akaisogeza glasi dirishani penye jua, akaenda kunywa chai. Aliporudi, maji yalikuwa na vumbi linaloogelea. Akalitazama vumbi kwenye hadubini na kukuta kila chembe ina kichwa kidogo na mkia uliogawanyika ncha mbili. Alijua palepale. Mtoto yeyote aliyekua karibu na mfereji wa mpunga anakijua kichocho, na huyu alikuwa binamu yake, kichocho cha bata. Yai hutoka na kinyesi cha bata, kifaranga cha mnyoo humwingia konokono, hutoka tena kikitafuta mguu wa bata, na kikikosa mguu wa bata hujaribu wowote ulio majini. Katika ngozi ya mtu hakiendi mbali, kinafia humohumo na kuacha mwasho. Kutoka mtu mmoja hadi mwingine hakivuki kamwe.

Siku hiyohiyo aliwarudia bata, na kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo akawakuta wazazi wa wale vifaranga, wembamba kuliko uzi wa kushonea. Kuwatoa humo ni kazi ya roho ngumu. Ukivuta kidogo tu wanakatika, kichwa kinakuja na mkia unabaki. Naftali alipata vipande vingi, mzima hakupata hata mmoja.

Hapo angeandika mistari miwili, akapiga muhuri, akaenda zake kula. Asumpta alikuwa amekwisha kumwekea karatasi kwenye mashine ya kuchapia. Lakini Naftali alikuwa na mwiko aliotoka nao chuoni, kwamba mnyoo hatajwi mpaka aonekane mzima, kichwa hadi mkia, na ajulikane jina la ukoo wake na jina lake mwenyewe. Watu wanaoandika jina la ukoo tu na kuacha nafasi aliwaita wapishi. Tena kulikuwa na jambo la pili ambalo hakumwambia mtu. Katika kipande kimoja aliona kinywa cha kushikia kimekaa mahali ambapo vitabu havikusema, na akaanza kuota. Mnyoo mpya, asiyejulikana duniani! Pembeni mwa kalenda ya ukutani alishajaribu kuandika jina lake, la Kilatini, lenye Kipchumba mwishoni. Aliliandika kwa mwandiko mzuri, akalitazama, akaliandika tena.

Baba Nawaf alipopiga simu kuuliza, alijibiwa kwamba uchunguzi unaendelea. Alipopiga tena, akaambiwa suala ni zito na linahitaji uangalifu. Naftali alidhani anajitukuza tu kidogo. Kule Al-Malqa maneno hayo yalifika yakiwa na maana nyingine: kama mtaalamu mwenye koti anasema ni zito, basi msichana ana balaa. Madam akamhamisha Rosebellah kutoka chumba chake akamlaza stoo, kati ya mifuko ya mchele na mazulia yaliyokunjwa.

Naftali alikutana naye mara moja tu, kando ya bwawa, alipokwenda kutafuta bata wengine. Familia ilikuwa hemani ikinywa kahawa, na Rosebellah alikuwa akisugua mikeka mbali nao, kama alivyoamriwa. Alimsalimu kwa Kiswahili. Naftali alimjibu kwa Kiingereza, kisha akaangalia kama kuna mtu anawaona.

"Daktari, si uwaambie tu ni maji," Rosebellah alisema. "Madam amesema wiki hii ikiisha bila karatasi yako, mimi ni halas, narudishwa."

"Siwezi kusema kitu sija-confirm."

"Lakini wewe mwenyewe unajua ni nini?"

"Kujua na ku-identify ni vitu mbili tofauti," Naftali alisema, na alifurahi jinsi ilivyosikika. "Kuna taratibu. Lazima nipate specimen mzima ndio nimpe jina."

Rosebellah alisimama na brashi mkononi, povu likimtiririka kwenye viganja. "Mimi sitaki jina lake," akasema. "Nataka tu ijulikane si yangu."

Mtu mwingine angeona aibu. Naftali alimhurumia kidogo, kama mtu anavyomhurumia asiyejua kusoma, akaenda zake kwenye matete. Njiani alijiambia kwamba watu wa majumbani hawaelewi sayansi, na kwamba akiwasikiliza wao ulimwengu hautaendelea.

Jioni hiyo Baba Nawaf aliwarusha kozi wake upande wa jangwani, mbali na bata. Mmoja hakusikia, akageuka na kumkamata bata juu kabisa ya bwawa, wakapigana hewani, na bata akaanguka majini katikati akiwa bado anapapatika. Bata aliyekufa sasa hivi ndiye hasa ambaye Naftali alikuwa akimwomba kwa Mungu. Minyoo wake wako hai, wana nguvu, na mwenye mkono mwepesi anaweza kuwatoa wazima. Mabuti yake yalikuwa garini, na gari lilikuwa mbali, na bata alikuwa anaelekea kwenye matete ambako angepotea. Yule mtaalamu wa vimelea, aliyeijua habari ya maji yale kuliko mtu yeyote katika mkoa wa Riyadh, alikunja suruali akaingia miguu mitupu. Alitembea polepole, matope yakimshika, akamfikia bata, akatoka naye juu kwa kujigamba kama mtu aliyeshinda kombe. Rosebellah alimwona. Aliitazama ile miguu mitupu, akaendelea kusugua mkeka.

Naftali alimpasua yule bata maabara kabla hajapoa. Alifanya kazi huku ameuma ulimi. Mnyoo mmoja alitoka kwenye mshipa taratibu, akatoka, akatoka, na alipobaki kidogo tu kufika mwisho akakatika vipande viwili. Naftali alitukana kwa Kikalenjin. Halafu akajiliwaza kwamba vipande viwili vya mnyoo mmoja, ukivipanga vizuri, ni karibu mzima. Akavikandamiza katikati ya vioo viwili ili vinyooke, akaweka juu yake kopo la maziwa ya unga, akaomba ruhusa ya kwenda Jeddah. Huko alisikia kuna bingwa wa minyoo, mwanamama wa Kizanzibari aitwaye Bi Zuwena, aliyefundisha na kutunza makabati ya sampuli kwa miaka. Neno lake likitoka, limetoka. Ruhusa alipewa. Baba Nawaf alipompigia kabla ya safari alimwambia avumilie tu, anakwenda Jeddah kuleta jibu la uhakika.

Alifikia mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwa mtu wa kwao aliyeendesha duka la kukarabati simu. Hali ya hewa ya Jeddah ilimkera, unyevu ulimkera, na zaidi ya hayo miguu ilikuwa imeanza kumwasha. Alisema ni mbu. Alikuwa amekaa kitandani akijikuna kwa ukingo wa rula Asumpta alipompigia simu. Akamweleza kwamba karatasi za Rosebellah zimekamilika, kwamba yeye mwenyewe amempigia Baba Nawaf akamwambia ni minyoo ya bata, na Baba Nawaf amemjibu kwa adabu kwamba hawezi kumpinga mkewe kwa maneno ya mapokezi.

"Wanampeleka airport kesho," Asumpta akasema. "Andika mistari mbili tu kwa email. Nita-print, nipige muhuri, nimpelekee baba mwenyewe."

"Niandike nini? Nusu mnyoo?"

"Andika ni ya bata na haiambukizi mtu. Si ni ukweli?"

"Asumpta, ripoti si WhatsApp. Kesho namwona Bi Zuwena. Nikitoka hapo nitaandika kitu ya maana."

"Ukitoka hapo huyo dada atakuwa juu ya mawingu."

Naftali akasema sayansi haina haraka. Asumpta alikata simu bila kuaga, jambo ambalo Naftali aliliona kuwa utovu wa nidhamu, akakusudia kulitaja akirudi. Kisha akaendelea kujikuna. Asubuhi, wakati akichagua tai ya kuvaa kwa Bi Zuwena, Rosebellah alishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Riyadh na dereva aliyekuwa amefungua madirisha yote ya gari na kujifunga kitambaa puani.

Bi Zuwena alikuwa mwanamke mfupi, mzee kidogo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu. Chumba chake kilinuka mafuta ya karafuu hadi ukumbini. Naftali alimkabidhi kioo kwa mikono miwili, akaeleza kwa kirefu juu ya kinywa kilichokaa mahali pasipotarajiwa, akagusia kwa unyenyekevu wa kujifunza kwamba jina tayari analo. Bi Zuwena alitazama kwenye hadubini. Hakutazama sana.

"Huyu si mgeni," akasema. "Huyu tunaye kwenye makabati tangu mie sijafika nchi hii. Umemkandamiza mno baba, ndo mana kinywa kimehama. Ulimwekea nini juu, tofali?"

Naftali hakutaja kopo la maziwa. Alikuwa amekunja mguu mmoja na kuusugua kwa kisigino cha mwingine, chini ya meza, akidhani haonekani.

"Na hiyo miguu?"

Ikabidi aeleze bwawa. Alieleza kwa kifupi, akilitia neno utafiti kila alipopata nafasi. Bi Zuwena akauliza kama kuna wengine wanaowashwa huko, na Naftali akasema wapo watoto wa mwenye shamba, na kadama mmoja, ambaye kwa kweli leo anasafirishwa, kwa sababu mwajiri wake anaamini ana ugonjwa wa kuambukiza.

Bi Zuwena akavua miwani. "Umewaambia si ugonjwa wake?"

"Nilikuwa nangoja mnyoo mzima."

Yule mama alichukua kioo cha Naftali kutoka kwenye hadubini, akakifuta kwa kitambaa, akamrudishia.

"Watu wanawashwa, mtu anafukuzwa kazi, weye unamngojea mnyoo? Ukoo tu ulimtosha huyo mwanamke. Jina la pili ni letu sie tunaokaa na vichupa." Akafungua mlango. "Nenda kwa salama."

Hakumpa hata kahawa, na Jeddah mtu asipokupa kahawa amekwambia yote. Naftali alishuka ngazi akiwa amevimba kwa hasira, ila hasira hiyo, kama kawaida yake, ilipotea njia. Hakujikasirikia mwenyewe, wala hakumfikiria Rosebellah. Alikasirika kwamba mnyoo hakuwa mpya. Alizimaliza siku zake za ruhusa hukohuko Jeddah, na wiki iliyofuata, kwenye ndege ya kurudi Riyadh, alijikuna hadi abiria wa pembeni akaomba kuhamishwa kiti.

Kliniki alikuta mambo yametangulia. Habari za kadama mwenye ugonjwa wa ngozi zilikuwa zimefika kwa wateja, na wateja wa kozi ni watu wanaopeana habari upesi. Naftali alipoingia akisugua miundi yake kwenye mguu wa meza, mkurugenzi wa kliniki alimwona. Akamwomba apandishe suruali. Vipele vilikuwa vimejipanga kutoka vidoleni hadi magotini, na pale maji yalipofikia ndipo vilipokomea.

Mkurugenzi akarudi nyuma hatua mbili. Akasema Naftali asimguse kozi hata mmoja. Akasema ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, imekaribia kuisha, na kwa kuwa lazima apimwe kabla ya kupewa nyingine, hawezi kumpeleka mtu wa hali hiyo kwa madaktari wa serikali akaiaibisha kliniki. Afadhali aondoke mapema, kimyakimya, halas. Alisema kwa upole, jinsi watu husema wanapokuwa wameshaamua.

"Lakini hii si ugonjwa," Naftali akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni minyoo ya bata. Haiambukizi mtu yeyote."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Umeandika wapi?"

Asumpta alikuwa mlangoni na birika la chai. Alimimina kikombe kimoja, akakiweka mezani kwa Naftali, akasimama akitazama. Karatasi ilikuwa bado kwenye mashine, ileile aliyomwekea siku za mwanzo. Naftali akakaa. Akaandika kwamba katika bata na konokono wa bwawa hilo wamepatikana minyoo bapa wa ukoo wa kichocho cha ndege, na hapo kwenye jina la pili akaacha nafasi, kama mpishi. Akaandika kwamba vipele vinatokana na kuingia majini, kwamba huisha vyenyewe, na kwamba haviambukizi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Akatia saini, akapiga muhuri mara mbili kwa wasiwasi. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Mkurugenzi alisoma, akaridhika, akaagiza mabuti mapya yanunuliwe. Nakala ikaenda kwa Baba Nawaf, ambaye siku hiyohiyo aliamuru bwawa likaushwe, kwa sababu watoto walikuwa wameanza kujikuna upya, na kadama mpya naye alikuwa na soksi zake nyekundu. Alimwonyesha mkewe karatasi. Madam alisoma hadi mwisho, akasema hata hivyo yule msichana alikuwa mzito wa kazi.

Naftali alidhani yameisha. Aliketi kwenye hadubini, akavuta bata mwingine, akaanza kusahau kwa bidii. Mapokezi, Asumpta aliipiga picha ile ripoti akaituma Bungoma. Alikuwa amekwisha kusikia hali ya huko. Dada yake Rosebellah alisoma karatasi za kuondoka kabla ya kumkumbatia. Sasa Rosebellah alikuwa analala peke yake jikoni, na nyumba ya mama yake nayo ilikuwa imemtengea kikombe.

Jibu lilikuja baada ya muda. Asumpta alilisoma mara moja kimoyomoyo, kisha akainuka na simu mkononi, akaenda maabara, akasimama mbele ya Naftali mpaka akainua macho kutoka kwenye lenzi.

"Rosebellah anashukuru," akasema. "Amempa mama yake asome, na kikombe chake kimerudi kabatini na vile vingine. Kwa wakala atapeleka Jumatatu, ingawa anasema hana imani kwamba watamsikiza, maana ile karatasi ya kwanza ilishaingia kwa computer."

Naftali akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea pongezi. Akasema sayansi hatimaye hushinda.

"Hajauliza mdudu anaitwa nani," Asumpta akaendelea. "Ameuliza kitu moja tu. Anataka kujua kama uliandika kabla uanze kujikuna, ama baada."

Kwenye vigoda vya ukumbini kozi mmoja alijikung'uta mbawa, kengele yake ikalia kidogo. Asumpta hakuondoka. Alishika simu tayari, kidole juu ya kioo, akingoja jibu la kumwandikia. Naftali alitazama lenzi, akatazama kalenda ukutani, lile jina la Kilatini bado liko pembeni kwa mwandiko mzuri. Kisha akainama chini ya meza akazivuta soksi zake juu, mpaka magotini.